Mhariri, picha ya kupatwa kwa jua naomba iandikwe saa yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua nafasi yenyewe ni ndogo na barua hii itakuwa ndefu, lakini jambo hili limenikaa moyoni tangu nilipofungua ule ukurasa wenu wa picha za kupatwa kwa jua na nimeshindwa kulinyamazia. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, na kitu ninachokipenda kuliko vyote nje ya kazi yangu ni kulipiga picha jua, yaani jua lenyewe, likipatwa na mwezi au likipitiwa mbele na sayari. Sina darubini kubwa. Nina kamera moja ya kubadilisha lenzi, lenzi ya milimita 400, tripodi na filta ya jua, basi, na hivyo vimenitosha miaka yote hii.

Picha kubwa kabisa ya ule ukurasa ni ile ya mwezi mweusi katikati, pete ya almasi inawaka upande mmoja, nyuma yake nyota maelfu kwa maelfu zimemwagika, na chini kuna mtu amesimama juu ya mwamba anaangalia. Maelezo yake ni maneno matatu tu, "Kupatwa kwa jua". Tarehe hakuna, mahali hakuna, aliyepiga hakuna. Mhariri, ile picha haikutoka kwenye kamera, na sisemi hivi kwa wivu wala kwa kubahatisha, angalia mwenyewe. Pete ya almasi ni ule mwanga wa mwisho wa jua unaopenya kwenye bonde la ukingo wa mwezi, ni mkali sana, ukitaka kuupiga unafungua shata, yaani pazia la ndani ya kamera, kwa sehemu kama ya 1/1000 ya sekunde. Nyota hafifu zile za kumwagika unahitaji sekunde kadhaa na giza la usiku wa kweli. Vitu hivyo viwili havikai kwenye fremu moja. Halafu hata mwezi ukilifunika jua lote anga haliwi jeusi kama usiku wa manane, linakuwa kama muda mfupi baada ya magharibi, utaiona sayari ya Zuhura kama iko karibu, pengine na Mshtarii, na nyota chache zenye nguvu, basi. Na yule mtu juu ya mwamba ameangazwa usoni na mgongoni sawasawa, sasa mwanga wa usoni unatoka kwa nani wakati jua liko mbele yake limefunikwa?

Kuhusu ukubwa wa jua kumzidi mtu sina ugomvi, hilo linawezekana, jua lina upana wa nusu digrii angani, ukinyoosha mkono kidole chako cha mwisho kinalifunika lote na nafasi inabaki, kwa hiyo ukimsimamisha mtu mita 200 kutoka kwenye kamera na ukatumia lenzi ndefu atalingana na jua, ukimpeleka mbali zaidi jua litamzidi. Watu wanapiga hivyo na ni kazi nzuri sana ya kupanga na kutembea. Ndiyo maana ile ya kutengeneza kwenye kompyuta inaniuma, maana inamkalia juu yule aliyetembea.

Kwenye ukurasa uleule, pembeni kwa udogo kabisa, mliweka picha ya msomaji, jua lililoumwa upande mmoja, rangi ya chungwa, haijakaa katikati, kidogo imetikisika. Hiyo ni ya kweli, nimeitazama mara nyingi. Lakini nayo haina saa. Hilo ndilo ninaloliandikia barua.

Nieleze kwa nini nalia na saa. Mwaka 2012, tarehe 6 Juni asubuhi, Zuhura ilikuwa inapita mbele ya jua. Nilipokuwa mimi jua lilichomoza Zuhura ikiwa imeshaingia zamani, safari yote ilichukua kama saa 6 na dakika 40 na mimi nikabakiwa na saa moja na kitu ya mwisho, kwa hiyo nilikuwa nimesimama tayari kabla hapajapambazuka, filta nimeibandika kwa gundi ya karatasi mbele ya lenzi isipeperushwe na upepo, fokasi nimeifunga. Jua likatoka na ile alama nyeusi ya duara iko ndani yake, kubwa kuliko nilivyotegemea, maana Zuhura siku ile ilikuwa karibu sehemu ya 1/32 ya upana wa jua, hata mtu asiye na darubini akivaa miwani ya kupatwa alikuwa anaiona. Nilipiga fremu zaidi ya 200. Nilishuhudia ikigusa ukingo kwa ndani, ikachukua kama dakika 18 kutoka nje yote, na wakati inagusa nikaona ile hali wanayoiita tone jeusi, yaani ukingo wa sayari na ukingo wa jua unashikana kwa kamba nyeusi kama tone la maji linalokataa kuachia bomba. Nahodha Mwingereza James Cook na wenzake waliiona kwenye kisiwa cha Tahiti mwaka 1769 na ikawavurugia kupima, mmoja anasema imeshagusa mwenzake anasema bado. Siku hizi tunajua tone lile halitokani na hewa ya Zuhura, linatokana na ukungu wa vifaa vyenyewe na wa hewa yetu hapa chini, pamoja na jua kufifia kuelekea ukingoni, na uthibitisho ni kwamba satelaiti iliona tone hilohilo sayari ya Utaridi ilipopita mwaka 1999, na Utaridi hewa yake ni kama haipo.

Sasa jioni yake nikakuta saa ya kamera yangu imeachana na saa ya kweli. Sikujua kwa dakika ngapi, na kwa haraka nikairekebisha palepale kabla ya kuandika tofauti mahali popote, kwa hiyo ile tofauti yenyewe nikaipoteza milele. Fremu 200 na hakuna hata moja ninayoweza kusema ni ya saa ngapi.

Mtu atauliza hasara iko wapi, picha si zipo. Nilikuwa na rafiki tuliyejuana kwa kupenda mambo haya, yuko upande mwingine wa dunia, naye alipiga siku ileile. Tulikubaliana tuchukue fremu yake na yangu za dakika ileile, tuziweke moja juu ya nyingine, tuone Zuhura imehama kiasi gani mbele ya jua kwa sababu tu mmoja anaangalia kutoka huku na mwingine kutoka kule. Watu wawili wakiachana kama nusu ya kipenyo cha dunia, tofauti hiyo ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya upana wa Zuhura, unaipima kwa rula kwenye picha, na kutoka hapo kwa hesabu za pembetatu unapata umbali wa jua, kilomita milioni 150, kwa mikono yako mwenyewe na kamera yako mwenyewe. Mwanaastronomia Mwingereza Edmond Halley alilipendekeza wazo la kutumia Zuhura kupima umbali huo mwaka 1716 akijua kabisa yeye hataishi kuiona inapita, na wanasayansi walisafiri mabara yote mwaka 1761 na 1769 kwa ajili hiyo tu. Sisi tulikuwa nalo mkononi. Lakini Zuhura yenyewe inatembea mbele ya jua kwa karibu sekunde 4 za pembe, yaani kama sehemu ya 1/15 ya upana wake mwenyewe, kila dakika moja, kwa hiyo saa ikikosea dakika 5 tu kosa linameza ile tofauti yote unayoitafuta. Tukaachana na hesabu. Na Zuhura haipiti tena mpaka Desemba 2117, mhariri, sisi tunaosoma gazeti hili leo karibu wote hatutakuwepo.

Tangu siku hiyo kabla ya kupiga chochote cha jua napiga kwanza picha ya skrini ya simu yangu inayoonyesha saa ya mtandao pamoja na sekunde, na nikimaliza napiga tena. Saa ya kamera ikikosea siigusi, naiacha ikosee hivyohivyo, maana zile fremu mbili zitaniambia imekosea kiasi gani. Ni kitu cha sekunde 10 na hakihitaji kifaa chochote kipya, nawaomba wapiga picha wote wanaosoma hapa wakifanye.

Waliotutangulia walilijua hili. Picha ya kwanza nzuri ya kupatwa kamili ilipigwa na mtu anayeitwa Berkowski kule Königsberg (leo Kaliningrad, Urusi) tarehe 28 Julai 1851, kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, kwa kutumia darubini ndogo, na tunajua kwamba alifungua kwa sekunde 84. Jina lake la kwanza halikuchapishwa wakati ule lakini sekunde zake tunazo, na ukiiangalia ile korona yake, yaani ule mwanga hafifu unaolizunguka jua, unajua hasa unaangalia mwanga wa sekunde ngapi. Halafu mwaka 1882 mwanaastronomia Mmarekani David Peck Todd alipanda mlima Hamilton kule Kalifornia akapiga mabamba 147 ya vioo Zuhura ikipita, moja baada ya jingine kwa utaratibu. Yakawekwa kabatini. Mwaka 2003, zaidi ya miaka 120 baadaye, wataalamu wawili wakayatoa, wakayapanga kwa mfuatano, na Zuhura ya mwaka 1882 ikatembea mbele ya jua kama filamu, wakati Todd alipopiga hakuna mtu aliyekuwa ameshawahi kwenda sinema. Yangekuwa yametupwa bila mpangilio na bila kumbukumbu yangekuwa vioo vyenye doa tu.

Na hapa nikumbushe kisa kingine ambacho hakikuhusu gazeti lenu, ni gazeti jingine sitalitaja. Tarehe 11 Novemba 2019 Utaridi ilipita mbele ya jua, wengine tulifundishwa kuiita Zebaki, ni sayari ileile. Utaridi haionekani kwa macho hata ukiwa na miwani ya kupatwa, ni ndogo mno, siku ile ilikuwa kama sehemu ya 1/194 ya upana wa jua. Kwa lenzi yangu ya milimita 400 jua linakaa kwenye sensa, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kama duara la milimita 3.6, kanuni yake rahisi, chukua urefu wa lenzi ugawe kwa 110, na kwenye kamera yangu duara hilo ni kama pikseli 900 kwa upana. Gawa kwa 194. Utaridi ikawa pikseli 5 hivi, nukta nyeusi tii, na niliifurahia kupita kiasi. Nikaituma. Jibu likaja kwamba ile ni doa la jua tu, hawawezi kuitumia, na kesho yake wakachapisha picha yenye mpira mweusi mkubwa kabisa mbele ya jua lenye ndimi za moto, wakaandika ni Utaridi.

Sasa doa la jua na sayari vinatofautishwaje? Doa lina kiini cheusi na pembeni yake kijivujivu, kingo zake zimechanika, mara nyingi yako mawili au kundi. Sayari ni duara kamili, nyeusi kuliko doa, haina kijivu pembeni. Lakini kinachomaliza ubishi ni saa. Doa linazunguka na jua lenyewe, linachukua kama siku 13 kuvuka uso wote, ndani ya nusu saa huoni limesogea. Utaridi ndani ya nusu saa imehama waziwazi, siku ile ilivuka yote kwa saa 5 na nusu. Nilikuwa na fremu mbili zenye saa, zimeachana dakika 40, ningewatumia zote mbili pamoja na saa zake wala kusingekuwa na ubishi, lakini mhariri wa picha aliomba moja tu, saa hakuiuliza.

Na doa kwa taarifa yenu siku ile hata halikuwepo, jua lilikuwa kwenye kipindi chake cha utulivu, uso ulikuwa mweupe kabisa.

Jingine zito zaidi, na hili naomba mlirekebishe kwa herufi zinazoonekana. Kwenye makala iliyoandamana na zile picha mliandika kwamba mwenye darubini au kamera avae miwani ya kupatwa halafu aangalie kwa kupitia kifaa chake. Hapana, hapana kabisa. Miwani ile imetengenezwa kwa jicho tupu. Darubini inakusanya mwanga wote ulioingia kwa mbele na kuubana sehemu ndogo, ukifika kwenye miwani yako umeshakuwa moto wa kuchoma karatasi, unatoboa ile filta na kuingia jichoni, na retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haina mishipa ya kuhisi maumivu, mtu anaungua haoni dalili yoyote mpaka baada ya saa kadhaa anapoona kuna giza katikati ya kila anachokitazama. Filta inakaa MBELE ya lenzi, upande wa jua, mwanga upunguzwe kabla haujaingia. Filta nzuri ya kutazamia inapitisha sehemu moja tu ya laki moja. Na zile filta ndogo za kufunga nyuma kwenye kioo cha jicho cha darubini, ambazo darubini nyingi za zamani zilikuja nazo, zinapasuka kwa joto ghafla wakati mtu anaangalia, ukiwa nayo usiitumie. Miwani ya kawaida ya jua, filamu za eksirei, sidii, kioo kilichopakwa masizi, vyote hivyo havifai kwa jicho wala kwa lenzi. Kabla ya kutumia filta yangu kila mara naiinua kwenye taa kali nikague kama ina tundu, hata tundu la sindano, nikiliona naitupa.

Kamera ambazo unachungulia kwenye tundu lake la kioo nazo ni darubini vilevile kwa jicho lako. Tumia skrini ya nyuma. Hata skrini ikikulinda wewe, kamera yenyewe bila filta itaungua, mapazia ya shata yanayeyuka na sensa inapata alama, hata kwa dakika chache umeiacha kwenye tripodi inaangalia jua.

Wakati pekee ambapo filta inatolewa ni ndani ya kupatwa kamili, zile dakika ambazo mwezi umelifunika jua lote, maana korona ni hafifu kuliko uso wa jua kama mara milioni moja, inang'aa kadiri ya mwezi mpevu, usipoitoa filta utapata fremu nyeusi. Mwanga wa kwanza ukirudi upande wa pili filta inarudi. Kupatwa kwa pete, ambako mwezi uko mbali kidogo hautoshi kulifunika jua na ukingo unabaki unawaka mzunguko mzima, filta haitolewi hata sekunde moja, na hili watu wanalichanganya sana, naomba makala zenu zitenganishe haya mawili kila mara.

Mimi mwenyewe kupatwa kamili sijawahi kukuona. Nimepiga kwa sehemu mara kadhaa, mara moja mawingu yakaniachia dakika nne tu, nikashukuru. Kwa hiyo naisubiri tarehe 2 Agosti 2027 kwa hamu ambayo siwezi kuieleza vizuri, kivuli kitaanzia Atlantiki, kipite mlango wa Gibraltar, kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, kivuke kwenda Saudi Arabia na Yemeni na kugusa pembe ya Somalia, na karibu na Luxor kule Misri giza litadumu dakika 6 na sekunde 20 hivi. Kupatwa kwingi kunadumu dakika mbili tatu, na kwa hesabu hakuwezi kuzidi dakika 7 na nusu hivi, kwa hiyo huo ni muda mrefu mno. Tangu mwaka jana nafanya mazoezi kwa mwezi mpevu, nabadilisha kasi ya shata gizani bila kutazama vitufe, kutoka 1/1000 kwa ajili ya zile ndimi nyekundu za ukingoni mpaka sekunde nzima kwa ajili ya korona ya nje, maana hakuna kasi moja inayoitoa korona yote, ndani ni kali nje ni hafifu mno.

Na hapa nitende haki kwa wale wanaounganisha picha, nisionekane nawapinga. Kwa sababu hiyohiyo niliyosema, ukitaka korona ionekane kama jicho linavyoiona, lazima uunganishe fremu za kasi tofauti. Yupo mtaalamu wa hesabu wa Jamhuri ya Cheki, Miloslav Druckmüller, anachukua fremu nyingi sana za kupatwa kumoja na kuzilinganisha mpaka nyuzi za sumaku za korona zinaonekana mpaka mbali kabisa, na nilipoziona mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Lakini yeye anaandika kila kitu, wapi, lini, vifaa gani, fremu ngapi. Vilevile yule anayepiga jua kila baada ya dakika 10 na kuyapanga majua yote kwenye mstari mmoja juu ya mandhari, ni picha halali kabisa akisema ni fremu kadhaa zilizounganishwa. Mwaka 2017 kule Marekani mradi wa Citizen CATE uliweka darubini 68 zinazofanana kwenye njia yote ya kivuli, wengi wa waliozishika ni wanafunzi na watu wa kujitolea, ili korona ifuatiliwe kutoka pwani moja hadi nyingine kwa muda wa saa moja na nusu wakati mtu mmoja mahali pamoja angepata dakika mbili na kitu. Fremu zao zilishonwa pamoja, na uzi wa kushonea ni saa iliyoandikwa kwenye kila fremu. Sasa ile ya mwamba na nyota mliyoweka nyie hainiambii chochote, siwezi hata kujua ni kupatwa kwa mwaka gani, na korona ya kila kupatwa ina umbo lake, jua likiwa limechangamka inatawanyika pande zote, likitulia inalala kushoto na kulia kama mabawa, kwa hiyo mtu anayejua anaweza kuisoma. Ile ya kutengenezwa ina umbo la kubuni.

Wasio na lenzi msiwasahau. Simu tupu ikipiga jua hata kwa filta inalipata kama kidoa cha pikseli 30 au 50, siwadanganyi, lakini simu hiyohiyo ikigeuzwa chini kwenye kivuli cha mti wakati wa kupatwa inapata kitu cha ajabu, kila upenyo kati ya majani unakuwa lenzi ya tundu na ardhini panajaa majua madogo yaliyoumwa, mamia, yote yameelekea upande mmoja. Kanuni ni ileile ya 110, upenyo ulio mita 3 kutoka ardhini unaleta jua la sentimita 2 na nusu na ushee. Chujio la jikoni linafanya hivyohivyo, hata vidole vya mikono miwili vikipandanishwa vikaacha matundu. Hakuna hatari ya macho kwa sababu umelipa jua mgongo. Na mtoto akipiga kivuli hicho kila baada ya dakika 5 na kuandika saa, ana kumbukumbu kamili ya jinsi mwezi ulivyoingia na kutoka, ambayo mimi na fremu zangu 200 za mwaka 2012 sina.

Kwa hiyo ninachoomba, mhariri, ni mstari mmoja chini ya kila picha ya namna hii. Tarehe na saa, mahali, lenzi na filta, na kama ni fremu moja au zimeunganishwa. Anayetuma picha bila hayo mumuulize kabla ya kuchapisha, wengi watajibu kwa furaha, watu wa kazi hii tunapenda kuulizwa. Asiyeweza kujibu picha yake iwekwe pembeni hata kama inapendeza. Na makala ya usalama wa macho itoke wiki moja kabla ya siku yenyewe, mkitoa siku inayofuata inakuwa imechelewa kwa aliyeshaangalia.

Nimeambatanisha ile picha yangu ya Utaridi iliyokataliwa, zamu hii nimetuma fremu zote mbili. Chini yake naomba mwandike hivi: 11 Novemba 2019, saa 14:12 na saa 14:52 kwa saa ya dunia, lenzi ya milimita 400, filta ya jua mbele ya lenzi, kila moja ni fremu moja haijaunganishwa, saa ya kamera imelinganishwa na ya mtandao kabla na baada. Nukta iko kushoto kidogo ya katikati kwenye ya kwanza, kwenye ya pili imesogea. Mkizichapisha tafadhali msizikate pembeni ili nukta ionekane kubwa, acheni ukingo wote wa jua ubaki, maana bila ukingo msomaji mwenye rula hataweza kupima imesogea kiasi gani.

Msomaji wenu,
mpiga picha wa jua